Punda Wanapokataa Nyasi: Kauli za Kitenzi na Lugha ya Malalamiko katika Biashara ya Malisho Garissa

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana na mnyambuliko wa vitenzi katika majedwali. Kitenzi huwekwa upande wa kushoto, kauli zake hupangwa upande wa kulia, na mwanafunzi hukariri kwamba -la huzaa -liwa, -lika, -lia na -lisha. Jedwali hilo halina kosa, ila halimwonyeshi mwanafunzi ni kwa nini msemaji achague kauli moja na kuiacha nyingine, wala halimwambii kwamba uchaguzi huo unaweza kumgharimu mtu pesa. Makala haya yanalichunguza suala hilo kupitia jambo dogo la soko: mtu amenunua nyasi kavu, amezifikisha nyumbani, na wanyama wake wamezinusa wakaziacha. Anarudi kwa aliyemuuzia. Je, atasema nini, na atakisemaje?

Mazingira yaliyochaguliwa ni mji wa Garissa, ukingoni mwa Mto Tana. Farasi si wanyama wa huko. (Farasi wa tendi za Kiswahili, kwa hakika, hutajwa kwa mbio zao na tandiko lao zaidi ya kwa chakula chao.) Mnyama abebaye mzigo wa Garissa ni punda. Ndiye avutaye mikokoteni ya maji kutoka mtoni na visimani, ndiye apelekaye kuni, saruji na magunia sokoni, na upande wa pili wa daraja, katika Kaunti ya Tana River, pana mahali paitwapo Kona Punda. Mwenye mkokoteni hula kwa jasho la punda. Punda asipokula leo, kesho mkokoteni hautoki, na nyumba iliyotegemea mapato ya siku hiyo hulala na deni.

Biashara ya nyasi na umbali wa mkulima

Zamani malisho hayakuwa bidhaa katika maeneo haya. Mfugaji aliwafuata mvua na wanyama wake, kutoka msimu wa Gu hadi wa Deyr, na katika kiangazi cha Jilaal alisogea kuelekea mto. Bado wako wengi wafanyao hivyo. Hata hivyo, mji umekua, soko la mifugo la Garissa limekuwa mojawapo ya masoko makubwa zaidi katika Afrika Mashariki, na wanyama walio mjini hawana pa kuchungwa. Wakulima wa kando ya mto hupanda nyasi kwa maji ya Tana na kuziuza kwa matita, nyasi mbichi za siku hiyo hiyo, ambazo mnunuzi huziona na kuzishika kabla ya kulipa.

Ukame wa kati ya 2020 na 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, uliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini Kenya na kuonyesha upande mwingine wa biashara hii. Malori yalileta marobota ya nyasi kavu kutoka nyanda za juu. Nyasi zikasafiri mamia ya kilomita, zikapita mikononi mwa mkulima, mfungaji, mwenye ghala, mwenye lori, dalali na muuzaji wa rejareja. Kisha mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yakaikata barabara ya Garissa karibu na Madogo, na vitu vyote vilivyokuwa njiani vikangoja. Nyasi zilizofungwa kabla hazijakauka sawasawa, au zilizonyeshewa juu ya lori, hupata joto na ukungu ndani ya robota huku nje zikibaki na rangi ya kupendeza. Methali ya Kiswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Robota hujiuza kwa nje na kujitembeza kwa ndani.

Kwa sababu hiyo, mgogoro wa nyasi za lori si sawa na ule wa nyasi za mtoni. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa asemapo kwamba hakujua. Lugha ya malalamiko inalazimika kumfikia mtu ambaye huenda naye amedanganywa.

Mfano wa mazungumzo

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya somo hili. Mnunuzi ni kijana mwenye punda watatu. Muuzaji ni mzee mwenye kibanda cha malisho. Wote wawili ni Wasomali wa Garissa, nao wanazungumza Kiswahili kwa kuwa wapo wateja wa jamii nyingine wanaosikiliza, jambo la kawaida katika soko hilo.

Mnunuzi: Asalamu alaykum, adeer.

Muuzaji: Waalaykumu salaam, adeer. Habari ya kazi?

Mnunuzi: Kazi ipo, ila ni nzito. Wale punda wangu hawajala tangu jana asubuhi.

Muuzaji: Hawajala? Labda ni jua.

Mnunuzi: Maji wanakunywa. Na majani ya mtoni niliyowakatia jioni waliyamaliza. Zile nyasi za lori ndizo walizozinusa wakaziacha.

Muuzaji: Hawajazoea, adeer. Nyasi hizi ni za mbali, punda wako wamelelewa na za mtoni. Wape siku mbili.

Mnunuzi: Siku mbili mkokoteni umesimama? Nimefungua marobota matatu. Juu ni kijani, katikati kuna ukungu mweupe, ukizitikisa zinatoa vumbi. Adeer, nyasi hizo haziliki.

Muuzaji: Mimi sikuzifunga. Nilizinunua zikiwa zimefungwa.

Mnunuzi: Najua hukuzifunga wewe. Lakini wewe ndiye uliyeniuzia, na pesa nilikutumia wewe.

Muuzaji: Basi lete hayo marobota uliyoyafungua, tuyaone.

Neno adeer, lenye maana ya baba mdogo au baba mkubwa kwa Kisomali, limetumiwa na pande zote mbili. Kijana humwita mzee adeer kwa heshima, na mzee humrudishia kijana neno lilo hilo. Kiswahili cha pwani hakina mazoea hayo kwa kiwango hicho: kijana atamwita mzee mjomba au baba, naye ataitikiwa mwanangu. Mtafsiri wa tamthilia au hadithi fupi kutoka eneo hili akiliweka neno baba katika nafasi zote mbili atamchanganya msomaji. Akiliweka mwanangu kwenye jibu la mzee atakuwa ameongeza umbali wa hadhi ambao wasemaji wenyewe hawakuuweka. Hapo adeer linawafunga wote wawili kwa undugu kabla ya lawama kutajwa, na kila linaporudi baadaye linapunguza makali ya kilichosemwa. Wataalamu wa upole katika lugha, hasa Brown na Levinson (1987), walizungumza juu ya kuulinda uso wa msikilizaji. Katika soko la Garissa uso huo ni wa ukoo mzima, maana maneno ya kibandani yatafika nyumbani kabla ya mwenyewe kufika.

Hawali, hawakula, hawajala

Kiini cha mazungumzo haya ni vitenzi. Mnunuzi angeweza kufungua shauri lake kwa njia tatu. Angesema punda hawali, angekuwa ametoa taarifa ya hali inayoendelea, na muuzaji angeuliza mara moja kama ni wagonjwa, kwa kuwa mnyama asiyekula chochote ana tatizo lake mwenyewe. Angesema hawakula, angekuwa amelifunga tukio katika wakati uliopita: hawakula jana, pengine leo wamekula. Amechagua hawajala. Kiambishi -ja- cha ukanushi hubeba matarajio. Kinasema kwamba tendo lilitazamiwa, halijatokea, na mlango wa kutokea kwake haujafungwa. Ni mwanzo wa adabu, kwa sababu unamwachia muuzaji nafasi ya kueleza.

Muuzaji mzoefu huiona nafasi hiyo na kuingia. Jibu lake ni hawajazoea, kwa kiambishi kile kile. Ameikubali sarufi ya mnunuzi ili aikatae hoja yake: kama hawajala, basi watakula. Jibu hili husikika popote malisho yanapouzwa, nalo huwa na ukweli wake. Mnyama aliyebadilishiwa chakula ghafla husita, na wataalamu wa mifugo hushauri malisho mapya yachanganywe kidogo kidogo na ya zamani. Hata hivyo, shauri la kungoja siku mbili lina hatari ambayo sarufi inaificha. Punda, hasa mnene, mwenye mimba au aliye na dhiki nyingine, akikaa bila kula kwa siku chache, mafuta ya mwili wake huanza kuyeyuka na kuingia katika damu kwa wingi unaoweza kumuua. Tena ni mnyama mvumilivu, asiyeonyesha maumivu upesi kama wengine. Mnunuzi anayeendelea kusema hawajala, hawajala, hadi siku ya tatu, anaweza kujikuta akisema wamekufa.

Kwa upande wa sheria pia kiambishi hicho kina bei. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, humhesabu mnunuzi kuwa amezikubali bidhaa iwapo atakaa nazo kwa muda uliopita kiasi bila kumwarifu muuzaji kwamba amezikataa. Pana haja, basi, ya kutoka katika lugha ya matarajio na kuingia katika lugha ya kukataa, na mnunuzi wa mfano huu anafanya hivyo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuwaondolea punda tuhuma. Maji wanakunywa, majani ya mtoni waliyamaliza. Huu ni ushahidi wa kulinganisha: mnyama yule yule, jioni ile ile, malisho mawili. Ugonjwa umeondolewa, meno mabovu yameondolewa, kiu imeondolewa. Kisha unakuja mkazo wa ndi-: zile nyasi za lori ndizo walizozinusa wakaziacha. Kiambishi -ka- katika wakaziacha kinafuatanisha kunusa na kuacha, na kumpa punda kitu kama hukumu. Alichunguza, halafu akaamua.

Hatua ya pili ni nyasi hizo haziliki, na hapa ndipo jedwali la mnyambuliko linapopata uhai. Kauli ya kutendeka ina maana mbili ambazo vitabu vya sarufi huzitaja kwa haraka. Yaweza kuonyesha hali iliyofikiwa, kama vile mlango umefungika, na yaweza kuonyesha uwezekano, kama vile mlango huu haufungiki. Haziliki ni ya uwezekano. Punda ametoka katika sentensi. Hakuna tena mtendaji wa kulaumiwa kwa ukaidi au mazoea. Sifa ya kutolika imehamia ndani ya nyasi zenyewe, na ingekuwa kweli hata kwa punda wa jirani. Linganisha na sentensi nyoofu umeniuzia nyasi mbovu, yenye mtendaji, mtendewa na bidhaa, ambayo ingemweka mzee kizimbani mbele ya wateja wake. Haziliki inaikataa bidhaa na kumwacha mtu amesimama. Hakuna lugha ya mapatano iliyo na chombo kizuri kuliko hiki, na ni ajabu kwamba vitabu vingi vya kufundishia huandika mifano ya vikombe kuvunjika tu.

Ikumbukwe kwamba muuzaji naye anaifahamu sarufi hiyo. Nilizinunua zikiwa zimefungwa ni kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda. Nani alizifunga? Sentensi haisemi, na aliyezifunga yuko mbali. Mnunuzi hamlazimishi amtaje. Anakubali, najua hukuzifunga wewe, halafu anairudisha hoja mahali anapoweza kuishika: wewe ndiye uliyeniuzia. Uuzaji na ufungaji ni vitendo viwili, na dhamana inafuata uuzaji.

Aibu, ila na dhamana

Kuna msamiati wa pamoja ambao wasemaji wa Kiswahili na wa Kisomali huutumia bila kukumbuka kwamba umetoka chemchemi moja ya Kiarabu. Dalali wa Kiswahili ni dilaal wa Kisomali. Dhamana ni dammaanad. Neno linalovutia zaidi ni aibu. Katika Kiarabu asili yake ina maana ya kasoro ya kitu pamoja na fedheha ya mtu. Kiswahili cha leo kimeibakiza zaidi fedheha na kuiachia kasoro maneno kama ila na dosari. Katika fikihi ya biashara, mnunuzi aliyegundua aibu iliyojificha katika bidhaa ana hiari ya kuirudisha. Simulizi ya hadithi iliyo mashuhuri husema kwamba Mtume aliingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu, akamuuliza mwenye nafaka kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione. Ni robota la nyasi lile lile, karne kumi na nne nyuma. Mwislamu wa Garissa anayeijua simulizi hiyo hahitaji kuelezwa zaidi, na mnunuzi anayesema juu ni kijani, katikati kuna ukungu, ameikumbusha bila kuitaja.

Mashauri ya aina hii hayaendi kwa Kadhi, kwa kuwa Katiba ya 2010 imezipa mahakama hizo mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Mengi huishia kwa wazee, kwa kufuata desturi ya heer. Asiyeridhika anaweza kufika katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na yenye uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kote huko mnunuzi ataulizwa maswali yanayofanana. Je, alimweleza muuzaji nyasi ni za nini? Alizikagua kabla ya kununua, na kama alizikagua, je, kasoro ilikuwa ya kuonekana? Sheria ya Mauzo inamlinda zaidi aliyetaja matumizi yake na kutegemea ujuzi wa muuzaji, na inamlinda kidogo aliyekagua akashindwa kuona kilichokuwa wazi. Ukungu wa katikati ya robota lililofungwa hauko wazi. Mashina magumu ya nyasi zilizovunwa zikiwa zimekomaa mno yako wazi, na mnunuzi aliyeyaona akalipa hana la kusema.

Naye shahidi mkuu hana ulimi. Katika kesi ya mwaka 2006, watu wa jamii ya Ilchamus wa Baringo walipoishtaki Serikali juu ya madhara ya mti wa mathenge, mbuzi aliyepoteza meno alipelekwa kama ushahidi, na magazeti yakamcheka. Mti huo huo umeenea kando ya Tana pia, na wafugaji wa huko hawakucheka sana. Mbuzi yule alieleweka kwa sababu kinywa chake kilionekana. Punda aliyekataa nyasi haonyeshi kitu. Kukataa kwake hakuachi alama, na asubuhi inayofuata njaa inaweza kumlazimisha ale kile alichokikataa, kwa madhara yake. Ndiyo maana marobota matatu yaliyofunguliwa hayapaswi kutupwa, na ndiyo maana kauli ya mwisho ya mzee, tuyaone, ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Ni dhamira tegemezi katika nafsi ya kwanza wingi. Mzee hakusema nitayaona, wala huyaoni wewe? Ameingia upande mmoja na mnunuzi, wakilitazama robota.

Kutoka mdomoni hadi maandishini

Biashara nyingi za nyasi sasa hufungwa kwa simu, na malipo hupita katika M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007. Ujumbe wa malipo hubaki na tarehe, kiasi na jina la mpokeaji, hivyo ni risiti ya asiye na risiti. Malalamiko nayo yanaweza kuandikwa. Ujumbe ufuatao, uliotungwa kwa mfano, unaweza kulinganishwa darasani na mazungumzo ya juu:

“Adeer, salaam. Katika marobota 20 uliyoniletea Jumatatu kwa ajili ya punda, nimefungua 3, yote yana ukungu ndani. Punda wanakula majani mengine na kunywa maji, lakini hizi haziliki. Nimeyaacha 17 bila kuyafungua. Naomba uje uyaone leo au kesho asubuhi, tujue utayabadilisha au utanirudishia pesa.”

Upatanisho wa kisarufi umefanya kazi kubwa hapo. Katika mazungumzo ya mitaani wengi husema nyasi imeoza, kwa umoja, na msikilizaji hawezi kujua ni shehena nzima au ni kiasi. Nyasi zimeoza haisaidii sana, kwa kuwa nyasi ni nyingi daima. Robota ndilo lihesabikalo. Mwandishi wa ujumbe amehama kutoka ngeli ya nyasi hadi ya marobota kila anapotaja idadi, na amerudi kwenye nyasi anapotaja ubora. Hakudai kwamba yote 20 ni mabovu, kwa kuwa hajayaona. Kwa kusema 3 yamefunguliwa na 17 yamefungwa, ameacha nafasi ya suluhu ambayo mazungumzo ya ana kwa ana huifikia mara nyingi: mabovu yarudi, mazuri yabaki, bei ya yaliyorudi ihesabiwe katika shehena ijayo.

Salamu imebaki, japo imefupishwa. Asiyeisalimu simu kwa adeer atasomwa kama mtu aliyekwisha kwenda kwa chifu. Kilichopotea ni -ja-. Ujumbe hauna hawajala. Uliandikwa baada ya kujaribu malisho mengine, na mwandishi wake hana tena anachongojea kwa punda. Anachongojea ni mzee aje, na hilo amelipa muda: leo au kesho asubuhi, kabla mkokoteni haujakosa siku ya tatu.